Kuhesabu kriketi kwa kompyuta: kutoka daftari la Embu hadi mipira 50 ya Aasif Karim

Sisi wa Pwani tukisikia Meru na Embu, la kwanza kutujia akilini ni miraa na muguka, na magomvi yake. Kriketi haimo. Uwanja wa Kinoru kule Meru na Uwanja wa Moi pale Embu ni vya kandanda na riadha, na ukipita na gongo la kriketi begani utaulizwa kama waenda kufua nguo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Kisauni, na kazi ndiyo iliyonipeleka Embu. Kriketi niliipenda utotoni kwa kuchungulia uzioni pale Mombasa Sports Club, basi nilipopata vijana wanaotaka kujaribu, hatukuhitaji mengi: gongo mbili, mipira ya tenisi iliyozungushwa utepe, na vijiti sita. Mwenzangu mmoja akaanzisha timu yake upande wa Meru, na kila muhula hukutana mara kadhaa, wao wakiteremka kupitia Nkubu, Chogoria na Chuka, au sisi tukipanda.

Taabu haikuwa uwanja. Taabu ilikuwa hesabu. Mwaka mmoja tulitakiwa kuchagua vijana wa kwenda Nairobi kujaribiwa, na nafasi ya mwisho ikabaki baina ya wawili. Wa kwanza alikuwa amecheza zamu 8 na kupata mikimbio 152, akitolewa mara zote 8. Wa pili alikuwa na zamu 8 vilevile, mikimbio 96, lakini yeye huingia mwishoni, na mara 5 mchezo uliisha hajatolewa. Aliyekuwa na daftari akagawanya yote kwa 8: wa kwanza 19, wa pili 12. Akaenda wa kwanza. Kesho yake nikiwa kitandani ndipo nikakumbuka kwamba wastani wa mpigaji haugawanywi kwa zamu, wagawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Wa pili alikuwa na 32.

Sisemi kwamba angestahili kwenda yeye. Wastani wa anayeingia mwishoni hupanda kwa sababu hana muda wa kutolewa, na kila mkufunzi alijua hilo kabla ya kompyuta kuzaliwa. Ninachosema ni kwamba tuliamua kwa namba isiyo sahihi, na tulipotaka kurudi nyuma kuona kila mmoja alikabili mipira mingapi, tukakuta haikuandikwa. Daftari lilikuwa na jumla tu. Tangu siku hiyo nikaanza kutengeneza programu ndogo, na haya ndiyo niliyojifunza, kwa faida ya yeyote mwenye timu Likoni, Malindi au Lamu anayetaka kufanya hivyo.

Andika mpira, usiandike jumla

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kutengeneza jedwali lenye jina la mchezaji, mikimbio yake na wiketi zake, kisha kuongeza namba kila baada ya mechi. Jedwali hilo halina kumbukumbu. Likikosewa mara moja, kosa hubaki humo milele na hakuna wa kuligundua.

Njia nzuri ni mstari mmoja kwa kila mpira uliorushwa. Kila mstari uwe na tarehe, mechi, zamu ya timu gani, ova ya ngapi, mpira wa ngapi, mpigaji, mrushaji, mikimbio iliyotoka kwenye gongo, mikimbio ya ziada, aina ya hiyo ziada, na kama kuna aliyetolewa, ni nani na kwa namna gani. Mechi ya ova 20 kila upande huzaa mistari 240 na zaidi kidogo, kwa sababu ya waidi na nobo. Yaonekana kazi nyingi, lakini mtu aliyezoea huingiza mechi nzima kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na akimaliza ana kila kitu. Swali lolote utakalouliza mwaka ujao, ambalo leo hujalifikiria, jibu lake limo ndani ya ile mistari.

Huhitaji kompyuta ya bei. Lahajedwali kama Excel au LibreOffice, ambayo ni ya bure, yatosha kwa timu moja au mbili: fomula za SUMIFS na COUNTIFS zitajumlisha kwa jina na kwa mechi. Mimi nilihamia Python mistari ilipopita elfu mbili na lahajedwali likaanza kunichosha, na programu yangu yote haizidi kurasa tatu. Husoma faili moja ya CSV, hujumlisha, huchapisha jedwali. Basi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu au wale wa Sayansi na Teknolojia cha Meru wangeiandika kwa jioni moja, na vizuri kuliko mimi.

Uwanjani, hata hivyo, andika kwa kalamu. Nilijaribu simu, jua likawa kwenye kioo, chaji ikaisha, na mtoto mmoja akapiga sita wakati mimi natafuta mpira wa pili wa ova ya nne. Karatasi kwanza, kompyuta jioni.

Ova si desimali

Hapa ndipo programu nyingi za kienyeji huanguka, na mfano wake bora uko kwetu Pwani. Aasif Karim alizaliwa Mombasa mwaka 1963. Mwaka 2003, akiwa na miaka 39 na tayari ameshawahi kustaafu, alirudi kuichezea Kenya katika Kombe la Dunia, ile safari ambayo Kenya ilifika nusu fainali. Tarehe 15 Machi, pale Durban, aliwarushia Australia, mabingwa wa dunia, na kitabu kikaandika hivi: ova 8.2, meideni 6, mikimbio 7, wiketi 3. Miongoni mwa aliowatoa alikuwa nahodha Ricky Ponting. Kenya ilishindwa, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa mtoto wa Mombasa.

Sasa, ile 8.2. Kompyuta ikiisoma, hudhani ni nane na sehemu mbili za kumi. Sivyo. Ni ova nane kamili na mipira miwili, yaani mipira 50. Mikimbio 7 kwa mipira 50, zidisha kwa 6, wapata 0.84 kwa kila ova. Ukigawanya 7 kwa 8.2 wapata 0.85. Utasema tofauti ni ndogo, na kwa Karim ni ndogo kwa kuwa alitoa mikimbio michache mno. Mchukue kijana wangu aliyerusha ova 3.5 akatoa mikimbio 23. Hiyo ni mipira 23, kwa hivyo alitoa 6.00 kwa ova. Kompyuta iliyodanganyika itakwambia 6.57, na kwa kijana anayeshindania nafasi hiyo si tofauti ndogo.

Mambo huharibika zaidi ukijumlisha. Leo mrushaji ana ova 8.2, kesho 9.5. Kompyuta yajumlisha 17.7, ova ambayo haipo duniani, kwani ova haina mpira wa saba. Dawa ni moja: ndani ya programu usiweke ova kabisa. Weka mipira. 50 na 59 ni 109. Ukitaka kuonyesha watu, gawanya kwa 6: sehemu nzima ni 18, baki ni 1, andika 18.1. Kwenye Python alama ya // hukupa sehemu nzima na alama ya % hukupa baki. Ubadilishaji huu ufanyike mara moja tu, mwisho kabisa, wakati wa kuchapisha.

Nani ahesabiwe nini

Sheria za ziada ndizo zenye mitego, na nimeona hata watu wazima wa kriketi wakibishana. Niziweke kama zilivyo.

Waidi haihesabiwi kuwa mmoja wa mipira sita ya ova, na haihesabiwi kwa mpigaji kuwa mpira aliokabili. Mikimbio yake yote humwangukia mrushaji. Nobo nayo haimo katika sita za ova, na adhabu yake ni ya mrushaji, lakini kwa mpigaji huhesabiwa kuwa mpira aliokabili, kwa sababu anaweza kuupiga na kupata mikimbio. Tofauti hii ya waidi na nobo ndiyo iliyonichukua wiki mbili kuigundua, nikishangaa kwa nini jumla zangu hazilingani. Bai na legi bai ni mipira halali ya ova, mpigaji huhesabiwa kuwa ameikabili, timu hupata mikimbio, lakini hapati mpigaji wala halipi mrushaji. Kwa hivyo ova yenye bai nne tu, na hakuna kingine, bado ni meideni.

Aliyetolewa kwa kukimbia, yaani wiketi zimevunjwa kabla hajafika, wiketi hiyo si ya mrushaji. Timu imepata wiketi, mrushaji hakupata. Aliyeondoka kwa kuumia huhesabiwa hajatolewa. Aliyeondoka kwa hiari yake bila sababu, na asirudi, huhesabiwa ametolewa. Programu isiyo na safu ya namna ya kutolewa haiwezi kujua tofauti hizi, na hapo ndipo mrushaji mmoja hujikuta na wiketi za bure.

Baada ya hapo fomula zenyewe ni nyepesi:

wastani wa mpigaji = mikimbio ÷ mara alizotolewa
kasi ya mpigaji = mikimbio ÷ mipira aliyokabili × 100
wastani wa mrushaji = mikimbio aliyotoa ÷ wiketi zake
uchumi wa mrushaji = mikimbio aliyotoa ÷ mipira aliyorusha × 6

Mpigaji ambaye hajatolewa hata mara moja hana wastani. Si sifuri, wala si mikimbio yake yote, hana. Programu ikigawanya kwa sifuri itakwama, basi ifundishe kwanza kuangalia, ikikuta sifuri iweke kistari. Vivyo hivyo mrushaji asiye na wiketi.

Na usikaribishe namba katikati ya njia. Acha kompyuta ibebe desimali zote, ukate mbili wakati wa kuchapisha tu.

Ijaribu kwa wenye majina

Programu ikikupa namba za vijana wako utajuaje kama ni sahihi? Ilishe kwanza namba ambazo dunia nzima yazijua.

Don Bradman wa Australia alipata mikimbio 6,996 katika mechi za Test, zamu 80, na mara 10 hakutolewa. Aligawanyiwa 70, akapata 99.94, namba mashuhuri kuliko zote katika mchezo huu. Zamu yake ya mwisho, London mwaka 1948, alihitaji mikimbio 4 tu wastani ufike 100, akatolewa kwa sifuri. Programu yako ikikupa 87.45 ujue imegawanya kwa 80, na imefanya kosa lile lile la daftari letu la Embu.

Kwa kasi, njoo Nairobi. Tarehe 4 Oktoba 1996, pale Gymkhana, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi alifikisha mia kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, akatolewa akiwa na 102 kwa mipira 40. Programu lazima iseme 255. Rekodi ile ya mipira 37 ilikaa hadi Januari 2014, na ilikuwa rekodi ya idadi ya mipira, si ya mikimbio. Bila mwandishi aliyehesabu kila mpira siku ile, isingekuwapo.

Kwa uchumi wa mrushaji, mtumie Karim wetu, 0.84. Kwa wastani wake siku hiyo, 7 gawanya kwa 3, 2.33. Ukipata zote hizo, endelea na vijana.

Msimamo wa ligi, na mvua

Mkicheza timu tatu au nne mtataka msimamo, na timu zikifungana pointi mtataka tofauti ya kasi ya mikimbio. Nayo ni kasi ya mikimbio mliyopata kwa ova, toa kasi ya mliyofungwa. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, timu ikitolewa yote kabla ya ova kwisha, huhesabiwa ova zote ilizostahili, si zile ilizocheza. Tarehe 24 Februari 2003 Kenya ilipata 210 kwa ova 50 pale Nairobi, na Sri Lanka wakatolewa wote kwa 157 kabla ya ova 50 kutimia, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Kasi ya Sri Lanka yagawanywa kwa 50: 3.14. Ya Kenya ni 4.20. Tofauti, jumlisha 1.06. Ukiwagawanyia Sri Lanka ova walizocheza tu, unawazawadia kwa kutolewa mapema.

La pili, usichukue kasi za mechi mbalimbali ukazitafutia wastani. Jumlisha mikimbio yote, jumlisha mipira yote, kisha gawanya mara moja. Timu iliyopata 160 kwa ova 20, na siku nyingine 40 kwa ova 4, ukichukua kati ya 8 na 10 utasema 9. Ukweli ni 200 kwa ova 24, yaani 8.33.

Kuhusu mvua nasema machache. Huku miteremko ya Mlima Kenya, Aprili na Novemba si miezi ya kupanga mechi, na mvua ikikatiza utashawishika kuandika hesabu ya kurekebisha lengo. Usijaribu. Mwaka 1992, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Sydney, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13, mvua ikanyesha, wakarudi uwanjani kukuta wahitaji 21 kwa mpira mmoja. Aibu ile ndiyo iliyowafanya wataalamu wawili wa takwimu wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, wabuni njia yao, ambayo hutazama ova zilizobaki pamoja na wiketi zilizobaki. Si hesabu ya mwalimu wa shule kuibuni upya jioni. Sisi tumekubaliana: mvua ikikatiza, mechi hurudiwa, au hugawanywa pointi.

Majina, na watoto

Mtego wa mwisho sikuutarajia. Huku kuna Murithi na Muriithi, na mwandishi mmoja huandika i moja, mwingine mbili. Kompyuta haina adabu ya kuuliza. Kwake hao ni watu wawili. Kijana mmoja aligawanyika akawa na rekodi mbili, nusu ya wiketi zake huku, nusu kule, na hakuna iliyopendeza. Halafu ubavuni mwake kuna wawili wenye jina moja kabisa, wakawa mtu mmoja aliyepiga na kurusha katika mechi mbili kwa siku moja. Huko kwetu nadhani akina Athman na Othman watatoa kazi ile ile. Basi kila mchezaji mpe namba yake, na jina liwe pembeni kwa ajili ya kusomeka tu.

Na kwa kuwa wengi ni wanafunzi, kumbuka kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuweka habari za mtoto. Sisi tuna fomu ya nusu ukurasa, mzazi hutia sahihi. Tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi hazimo katika faili ya kriketi, hazina kazi humo.

Weka nakala mbili. Moja kwenye kompyuta, nyingine mahali ambapo maji ya mvua na chai hayafiki. Ya kwetu iko kwa mwenzangu wa Meru, naye yake iko kwangu, na kila baada ya mechi tunalinganisha jumla. Zisipolingana, mmoja wetu hulala amechelewa.

Yule kijana wa 96 ameshamaliza shule. Kati ya zile mechi 8, daftari za mpira kwa mpira tulizozipata ni 3, nyingine zilikuwa za jumla tu, kwa hivyo kasi yake ya msimu ule haitajulikana. Waliobaki sasa kila mmoja ana karatasi yake, huchapishwa Jumatatu na kubandikwa mlangoni. Wiki iliyopita msichana mmoja wa kidato cha pili alinijia nayo mkononi, akasema, "Mwalimu, hapa umenihesabia mpira niliokabili, na ile ilikuwa waidi." Nikafungua faili, ova ya 11, mpira wa tatu. Ilikuwa waidi kweli, nami niliiandika nobo. Nikabadilisha herufi moja, kasi yake ikapanda kutoka 96.00 hadi 100.00, akaondoka bila kusema asante.